Nyatiti yakutana na zumari la Ayalandi: Safari ya Ayub Ogada

MWANAMUZIKI wa Kenya Ayub Ogada, aliyefariki Februari 1, 2019 huko Nyahera, kaunti ya Kisumu, anakumbukwa na wengi kwa wimbo mmoja tu, Kothbiro. Si wengi wanaofahamu kwamba nyatiti yake imo pia katika albamu iliyojengwa juu ya muziki wa asili wa Ayalandi: Volume 1: Sound Magic, ya kundi la Afro Celt Sound System, iliyotolewa mwaka wa 1996.

Katika albamu hiyo, ala ya nyuzi nane ya Wajaluo ilikutanishwa na zumari la Kiayalandi, kinubi cha Wabretoni, kora ya Senegali na mitambo ya kielektroniki ya London.

Kwa wakazi wa Machakos, habari hii si ya mbali kama inavyoonekana. Benga inayochezwa Ukambani imetokana kwa kiasi kikubwa na upigaji wa nyatiti. Isitoshe, nyumba iliyojengwa na mtu aliyelea bendi ya kwanza mashuhuri ya Ogada bado imesimama Mlolongo, katika kaunti hiyo hiyo ya Machakos.

Kisa cha Ogada kinaonyesha njia mbili ambazo ala ya jadi yaweza kufuata inapotoka kwao. Katika ya kwanza husafiri nzima, na jina lake. Katika ya pili husafiri ufundi wake tu, ukaingia katika ala nyingine, na baada ya muda watu wakasahau ulikotoka.

Job aliyekuwa Ayub

Ogada alizaliwa Mombasa mwaka wa 1956 na kupewa jina la Job Seda. Ayub ni jina lilo hilo la Job kwa matamshi ya Waswahili na Waarabu. Sehemu ya utoto wake aliishi Marekani pamoja na wazazi wake, ambao waliimba na kucheza muziki wa Kijaluo mbele ya hadhira za huko. Kwa hivyo alijifunza mapema kwamba wimbo wa kwao waweza kusikilizwa na mtu asiyeelewa hata neno moja la lugha yake.

Katika miaka ya 1970 alikuwa miongoni mwa vijana wa Nairobi waliounda kundi la Black Savage, lililochanganya roki na mapigo ya Kiafrika. Wimbo Kothbiro, maana yake mvua inakuja, ulitokana na kundi hilo. Alishirikiana kuutunga na mwenzake James Mbarack Achieng', na ulirekodiwa kwa mara ya kwanza muda mrefu kabla ya dunia kumjua Ogada kama mwimbaji wa peke yake.

Baadaye, mwaka wa 1979, alishiriki kuanzisha African Heritage Band. Lengo lilikuwa kinyume cha mazoea ya wakati huo. Bendi nyingi za mijini zilikuwa zikiiga nyimbo za Marekani na Uingereza. African Heritage ilipandisha jukwaani ala za jadi pamoja na gitaa na tarumbeta. Miongoni mwa waliopitia bendi hiyo ni Samite, mwanamuziki wa Uganda aliyekimbilia Kenya mwaka wa 1982 na baadaye kuhamia Marekani.

Wapenzi wa sinema huenda walimwona Ogada bila kumtambua. Katika filamu Out of Africa ya mwaka wa 1985, iliyopigwa humu nchini, aliigiza kama Kanuthia, akitumia jina lake la Job Seda.

Nyumba ya Mlolongo

Bendi hiyo ilipata jina lake kutokana na jumba la sanaa la African Heritage, lililoanzishwa Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1970 na Joseph Murumbi, mkewe Sheila, na Mmarekani Alan Donovan. Murumbi ndiye aliyekuwa Makamu wa Rais wa pili wa Kenya, wadhifa alioushika kwa miezi michache mwaka wa 1966 kabla ya kujiuzulu. Baada ya siasa aliyaelekeza maisha yake katika kukusanya vitabu, nyaraka na kazi za sanaa za Afrika.

Jumba hilo halikuwa duka la vinyago pekee. Donovan alisafirisha maonyesho ya mavazi, mapambo na muziki hadi ng'ambo, na wanamuziki walikuwa sehemu ya misafara hiyo.

Donovan alijenga makao yake Mlolongo, kando ya reli na mkabala wa Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi. Kuta zake zilifuata ujenzi wa udongo wa Afrika Magharibi, na vyumba vilijaa vinyago, nguo na mikufu kutoka pembe zote za bara. Mradi wa reli mpya ya SGR ulipotishia kuibomoa nyumba hiyo, wapenzi wa sanaa walipaza sauti, na mwaka wa 2016 ikatangazwa rasmi kuwa turathi ya kitaifa. Donovan alifariki Desemba 2021.

Ala ya mwenye kiti kifupi

Nyatiti ina bakuli la mbao lililowambwa ngozi ya ng'ombe. Mikono miwili ya mti huchomoza kutoka kwenye bakuli hilo na kuunganishwa kwa mti wa kukingama. Nyuzi nane hufungwa kwenye mti huo na kushuka hadi kwenye ngozi. Zamani nyuzi zilitengenezwa kwa kano za ng'ombe. Siku hizi wengi hutumia nyuzi za nailoni za wavuvi.

Mpigaji, ambaye huitwa jathum, huketi kwenye kiti kifupi sana na kuilaza ala karibu na ardhi. Kwenye kidole gumba cha mguu huvaa pete ya chuma, oduong'o, ambayo huigonga ukingoni mwa nyatiti, huku njuga ziitwazo gara zikilia mguuni. Kwa hivyo mtu mmoja huwa na nyuzi, ngoma, njuga na sauti yake kwa wakati mmoja, kama bendi kamili.

Kimapokeo, nyatiti ilipigwa na wanaume, hasa matangani, katika sherehe na mahali pa kusifiana. Jathum alitarajiwa kujua nasaba za watu, kusifu, kukejeli na kuomboleza. Desturi ya kuwatenga wanawake imelegea. Miongoni mwa walioivunja ni Mjapani anayetumia jina la kisanii la Anyango, aliyekuja Kenya kujifunza kwa mafundi wa Kijaluo.

Uganda wa nyatiti ni mpana. Wakisii wana obokano, Wabukusu wana litungu, nao Wakalenjin wana ala yao ya jamii hiyo hiyo.

Chini ya ardhi London

Mwaka wa 1986 Ogada alihamia Uingereza akiwa na nyatiti yake. Hakuwa na mkataba na kampuni yoyote ya muziki. Alijipatia riziki kwa kupiga na kuimba katika vituo vya treni za chini ya ardhi jijini London, mahali ambapo msafiri ana sekunde chache za kuamua kama atasimama au atapita.

Ni katika hali hiyo ambapo watu wa tamasha la WOMAD walimgundua. Tamasha hilo lilianzishwa kwa juhudi za mwanamuziki Peter Gabriel na wenzake, na lilipofanyika kwa mara ya kwanza mwaka wa 1982, wapigaji ngoma wa Burundi walikuwa miongoni mwa waliotumbuiza. Ogada alipanda jukwaa la WOMAD mwaka wa 1988.

Mwaka wa 1993 kampuni ya Real World, iliyoanzishwa na Gabriel, ilitoa albamu yake En Mana Kuoyo, maana yake ni mchanga tu. Ilikuwa kazi tulivu, nyatiti na sauti zikiwa mbele na ala nyingine chache zikisindikiza. Toleo jipya la Kothbiro lilikuwemo, na ndilo lililosambaa duniani.

Juma moja kijijini Box

Wazo la Afro Celt Sound System halikuzaliwa Kenya wala Ayalandi. Simon Emmerson, mpigaji gitaa na mtayarishaji wa muziki wa Uingereza, alikuwa akifanya kazi na Baaba Maal wa Senegali mwanzoni mwa miaka ya 1990 alipoona kwamba wimbo mmoja wa Kiafrika ulifanana na wimbo wa kale wa Kiayalandi. Aliporejea London, mpigaji zumari Davy Spillane alimsimulia imani ya baadhi ya watu kwamba Wakelti, mababu wa Waayalandi, waliwahi kuishi Afrika na India kabla ya kuhamia Ulaya Magharibi.

Imani hiyo haijathibitishwa na wanahistoria. Hata hivyo, ilimpa Emmerson sababu ya kufanya jaribio. Aliwakusanya wanamuziki wa pande zote mbili katika studio za Real World, zilizo katika kinu cha zamani cha maji kijijini Box, Wiltshire. Kwa muda wa juma moja hivi mwaka wa 1995, msingi wa albamu ukawa umerekodiwa.

Kutoka upande wa Ayalandi na majirani zake walikuwepo Spillane na Ronan Browne kwa zumari, James McNally kwa filimbi na ala nyinginezo, Myrdhin kutoka Brittany kwa kinubi, na mwimbaji Iarla Ó Lionáird. Kutoka Senegali walikuwepo Kauwding Cissokho wa kora na Massamba Diop wa tama, ile ngoma inayobanwa kwapani ili ibadilishe sauti. Kutoka Kenya alikuwepo Ogada. Jo Bruce alishika kinanda, naye Martin Russell alisimamia mitambo.

Wengi wao hawakuwa wamewahi kucheza pamoja. Jambo hilo lingeweza kuharibu kazi. Badala yake liliwalazimu kusikilizana, kwani hapakuwa na mazoea ya kujificha nyuma yake.

Majina ya baadhi ya nyimbo yaliandikwa kwa Kiayalandi na Kiingereza bega kwa bega. Albamu ilipokelewa vizuri, na kundi likawa la kudumu. Lakini njia yake haikuwa nyepesi. Mwaka wa 1997 Bruce alifariki ghafla kwa pumu wakati albamu ya pili ikitayarishwa. Kazi ilisimama, na ilipokamilika mwaka wa 1999 kwa jina la Release, mwimbaji Sinéad O'Connor wa Ayalandi alikuwa ameongeza sauti yake. Kufikia wakati huo kora ya N'Faly Kouyaté wa Guinea ndiyo iliyowakilisha nyuzi za Afrika katika kundi, na Ogada alikuwa ameendelea na njia yake. Emmerson naye alifariki Machi 2023.

Kwa nini zilipatana

Ufanano uliomvutia Emmerson hauhitaji nadharia ya uhamaji ili ueleweke. Chanzo chake ni jinsi muziki wenyewe unavyojengwa.

Kwanza, nyimbo za pande zote mbili zilirithishwa kwa sikio. Wimbo wa dansi wa Kiayalandi kwa kawaida huwa na vipande viwili vifupi vinavyorudiwa mara nyingi, na ustadi wa mpigaji hupimwa kwa vipambo vidogo anavyobadilisha kila anaporudia. Jathum naye hushika mzunguko mfupi wa nyuzi na kuugeuza kidogo kidogo, huku sauti yake ikitembea juu yake.

Pili, zumari la Kiayalandi halipulizwi kwa mdomo. Mpigaji hubana kwa kiwiko mvukuto unaojaza hewa mfuko, na mirija mingine hubaki ikivuma kwa sauti moja isiyobadilika. Nyuzi nene za nyatiti pia huacha mvumo wa chini unaoishikilia nyimbo. Mvumo mmoja ukaweza kuuegemea mwingine.

Tatu, ni mapigo. Dansi ya Kiayalandi iitwayo jig huhesabiwa kwa sita, makundi mawili ya tatu. Hesabu ya namna hiyo, ambapo mbili na tatu hushindana ndani ya pigo moja, ni ya kawaida katika ngoma nyingi za Afrika Mashariki. Mchezaji wa ngoma za Kikamba angeitambua kwa miguu kabla ya kuitambua kwa masikio.

Tofauti pia zilikuwepo, na hazikufichwa. Ó Lionáird anatoka katika mtindo uitwao sean-nós, yaani mtindo wa kale, ambapo mwimbaji huimba peke yake bila ala yoyote. Jathum kwa upande wake ni nadra kuimba bila nyuzi.

Lugha iliyoadhibiwa

Kuna undugu mwingine ulio mzito kuliko mapigo. Ayalandi ilitawaliwa na Uingereza kwa karne nyingi, na lugha yake ikapungua sana. Katika karne ya 19 watoto wa huko walivishwa shingoni kijiti kilichoitwa bata scóir. Kila walipozungumza Kiayalandi, kijiti kilichongwa alama, na mwisho wa siku alama zikahesabiwa kwa viboko.

Msomaji wa Kenya hahitaji kuelezwa zaidi. Katika shule nyingi za humu nchini, mtoto aliyezungumza lugha ya mama alivishwa kibao shingoni na kukibeba hadi ampate mwenziwe wa kumpasia. Ngũgĩ wa Thiong'o aliliandika jambo hilo mwaka wa 1986 katika kitabu chake Decolonising the Mind.

Waayalandi waliurejesha muziki wao kwa mipango. Chama cha Comhaltas Ceoltóirí Éireann kilianzishwa mwaka wa 1951 na kufungua matawi ya mafunzo. Mtunzi Seán Ó Riada alihamia Cúil Aodha, kijiji cha wazungumzaji wa Kiayalandi katika kaunti ya Cork, na kuunda kwaya huko. Ó Lionáird alilelewa katika kwaya hiyo. Upigaji wa zumari uliingizwa katika orodha ya turathi ya UNESCO mwaka wa 2017, na kinubi mwaka wa 2019.

Kenya nayo ina tamasha la muziki la shule na vyuo, kituo cha Bomas of Kenya kilichoanzishwa mwaka wa 1971, na ngoma ya Isukuti ya Waisukha na Waidakho iliyoorodheshwa na UNESCO mwaka wa 2014 kama turathi inayohitaji kuokolewa kwa haraka. Tofauti ni kwamba mtoto wa Kenya mara nyingi hukutana na ala ya jadi wakati wa mashindano, na baada ya kombe kutolewa, ala hurudishwa stoo.

Njia ya pili: Gitaa la Ukambani

Miaka mingi kabla ya Ogada kufika London, nyatiti ilikuwa tayari imesafiri kwa njia nyingine. Wapigaji gitaa wa Nyanza katika miaka ya 1950 na 1960 walihamisha udonoaji wa nyatiti hadi kwenye nyuzi za chuma. Gitaa la kwanza likaiga vidole vya jathum, besi ikachukua mruko wa pigo la mguu, na benga ikazaliwa. D. O. Misiani, mzaliwa wa Shirati nchini Tanzania aliyefariki mwaka wa 2006, ndiye aliyekuja kuwa nembo yake.

Benga haikubaki Nyanza. Ukambani iliipokea na kuipa kasi na uimbaji wake. Kakai Kilonzo, aliyezaliwa mwaka wa 1954 na kufariki mwaka wa 1987, aliongoza Kilimambogo Brothers, kundi lililochukua jina lake kutoka kwa mlima ulio katika kaunti ya Machakos. Kwa kuimba nyimbo nyingi kwa Kiswahili, aliwafikia Wakenya wa makabila yote.

Wala haikuwa mara ya kwanza kwa muziki wa kigeni kugeuzwa wa nyumbani. Wakikuyu walichukua kodiani na hatua za dansi za Kizungu wakazifanya mwomboko, na leo hakuna anayeuita muziki wa wageni.

Katika benga, nyatiti ilipoteza mwili ikabakiza vidole. Kijana wa Machakos anayecheza kwa mlio wa gitaa la Kakai anacheza, kwa sehemu, nyatiti ambayo huenda hajawahi kuiona. Katika albamu ya Box mambo yalikuwa kinyume: mwili wenyewe wa ala ulikuwepo studioni, umetajwa kwa jina lake la Kijaluo, na hakuna aliyeuita gitaa la Kiafrika.

Suala la jina

Kutajwa si jambo dogo. Mwaka wa 2005 Kothbiro ulisikika katika filamu The Constant Gardener, iliyopigwa kwa sehemu kubwa nchini Kenya, na mamilioni ya watazamaji wakausikia bila kujua maana yake. Mwaka wa 2018 mwanamuziki wa Marekani Kanye West alitumia kipande cha rekodi ya zamani ya Black Savage katika wimbo wake Yikes. Achieng' na Ogada waliorodheshwa miongoni mwa watunzi.

Haki hiyo iliwezekana kwa sababu rekodi ya kwanza ilikuwepo na waliotunga walijulikana. Nyimbo nyingi za majathum wa vijijini hazina kinga ya namna hiyo. Zilipigwa matangani, zikasifiwa, na mwenyewe alipozikwa zikabaki bila mwenyewe. Mtu akizichukua leo, hakuna karatasi ya kumuuliza kwayo.

Ogada alirejea Kenya na kuishi miaka yake ya mwisho karibu na Kisumu. Mwaka wa 2015 ilitoka albamu Kodhi, yaani mbegu, aliyoifanya pamoja na mpigaji gitaa wa Uingereza Trevor Warren. Majina ya wote wawili yameandikwa kwenye jalada.

Kwa mwanamuziki chipukizi wa Machakos anayetamani kushirikiana na wageni, kisa hiki kina mafunzo ya vitendo. Ogada hakualikwa Box kwa kuwa alijua jig. Alialikwa kwa kuwa aliijua nyatiti kiasi cha kuitoa nje ya mazoea yake bila kuivunja. Mwenzake wa Cúil Aodha alifika na sean-nós kwa sababu iyo hiyo. Kilumi cha Wakamba, na ngoma nyingine za Ukambani ambazo wazee bado wanazipiga, zaweza kusafiri umbali huo huo ikiwa yupo kijana wa kuzijua kwa kina, na ikiwa zimerekodiwa pamoja na majina ya wanaozipiga sasa.